Tani za kwenye kibao cha mtambo si tani zilizotoka angani

Mhariri,

Kila habari ya mitambo ya kunyonya hewa ukaa kutoka angani inapochapishwa, huja na namba moja: mtambo huu utanyonya tani elfu kadhaa kwa mwaka. Msomaji anaondoka na namba hiyo tu, nayo ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote. Ni uwezo wa mtambo ukifanya kazi bila kusimama, dutu yake ya kunyonyea ikiwa mpya, na kabla ya kuondoa kwenye hesabu hewa ukaa iliyozalishwa na nishati inayouendesha. Sisi tunaofanya kazi ya kutenganisha gesi tungependa waandishi wenu waulize namba nyingine. Ili swali liwe na meno, inafaa kwanza kuona kinachotokea ndani ya mitambo hiyo.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa ukaa angani leo ni takriban sehemu 425 katika kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Kwa tabianchi ongezeko hilo ni kubwa mno, lakini kwa anayetaka kuikamata gesi hiyo, 425 bado ni kidogo sana. Meta moja ya ujazo ya hewa ina robo tatu ya gramu tu ya hewa ukaa. Kupata tani moja, hata kama mtambo haukosi kitu, lazima upitishe meta za ujazo milioni 1.3 za hewa. Na kwa kuwa mitambo mingi huacha robo hadi nusu ya gesi ipite, hesabu inapanda hadi kati ya milioni 1.7 na 2.6. Moshi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe una hewa ukaa asilimia 12 hadi 15, yaani mara 300 hivi zaidi ya hewa ya kawaida. Bado tunasoma makala zinazochanganya kukamata gesi kwenye moshi na kuikamata angani kana kwamba ni kazi moja.

Ajabu ni kwamba uchache huo peke yake hauli nishati nyingi, kwa nadharia. Fizikia inadai uniti 120 hivi (kilowati-saa, kama zile za bili ya umeme) kwa tani. Mitambo iliyopo hutumia karibu mara 20 ya hapo, na tofauti yote imo kwenye feni, pampu na, zaidi ya vyote, joto.

Feni ndiyo rahisi kueleza. Tuseme hewa inapopita kwenye kichujio inapoteza presha ya paskali 150, mtambo unakamata robo tatu ya gesi, na feni ina ufanisi wa asilimia 60. Hapo kila tani itakula uniti 120 za umeme kwa kusukuma hewa tu. Vumbi likiziba kichujio na presha inayopotea ikafika paskali 300, uniti zinakuwa 240, na tani haijaongezeka hata kilo. Ndiyo sababu vichujio hutengenezwa vyembamba na vyenye matundu mengi, na mashine hupangwa kuwa pana kama ukuta badala ya kuwa ndefu kama bomba.

Kuna njia kuu mbili za kukamata gesi yenyewe. Ya kwanza hutumia dutu ngumu, kwa kawaida amini (kemikali za jamii ya amonia zinazoshikana na hewa ukaa) zilizopachikwa kwenye chembe au nyuzi zenye vinyweleo. Hii ndiyo njia ya Climeworks, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 na Christoph Gebald na Jan Wurzbacher, waliokuwa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi. Kazi huenda kwa mzunguko. Milango ya sanduku hufunguliwa, feni hupitisha hewa, amini hushika hewa ukaa kwa saa kadhaa. Dutu ikikaribia kushiba, milango hufungwa, pampu ya ombwe hutoa hewa iliyobaki ndani, kisha joto la nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi huingizwa na amini huiachia gesi. Gesi hupozwa ili maji yaliyomo yatone, hukaushwa na kubanwa. Sanduku hupozwa, milango hufunguliwa, mzunguko unaanza upya.

Maelezo hayo yanasikika safi kuliko kazi ilivyo. Hatua ya ombwe ndiyo inayoamua maisha ya dutu. Ukipasha moto amini wakati bado kuna oksijeni ndani ya sanduku, zinaungua polepole kikemikali na hazishiki tena. Kwa hiyo mpangilio ni lazima uwe huu: ombwe kwanza, joto baadaye, na kupoza kabla ya kufungua milango. Mwendeshaji anayetaka kuongeza mizunguko kwa siku hushawishika kufungua sanduku likiwa bado la moto. Atapata gesi nyingi zaidi mwezi huu, na mwakani atanunua dutu mpya mapema. Kupasha moto kukiwa na hewa ukaa nyingi bila unyevu nako kuna madhara yake: amini hugeuka kuwa kiunganiko cha jamii ya urea ambacho hakishiki gesi. Dawa yake ni kuingiza mvuke badala ya joto kavu, lakini mvuke nao ni nishati, na unahitaji maji safi.

Halafu kuna mpira wa kuziba milango. Milango mikubwa inayofunguka na kufunga mara kadhaa kwa siku, katika baridi na vumbi, haikosi kuvuja. Uvujaji mdogo hausimamishi mtambo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hewa ya nje inapenya wakati wa ombwe, oksijeni inafika kwenye amini zenye moto, na gesi inayotoka inakuwa na naitrojeni ndani. Naitrojeni haigeuki kimiminika pamoja na hewa ukaa, hivyo kompresa inafanya kazi zaidi kwa bidhaa ileile. Oksijeni nayo, ikiwa gesi haijakaushwa sawasawa, inaharakisha kutu kwenye mabomba ya chuma, kwa kuwa hewa ukaa yenye maji ni tindikali. Mkaguzi anayefuatilia usafi wa gesi siku kwa siku ataona mlango mbovu kabla fundi hajauona.

Unyevu unastahili aya yake. Amini hupenda maji pia. Katika hewa yenye unyevu, si ajabu dutu ikashika molekuli mbili za maji kwa kila moja ya hewa ukaa. Hiyo ni kilo 820 hivi za maji kwa kila tani ya gesi, na kuyavukiza hula zaidi ya uniti 500 za joto. Mtambo uliojaribiwa kwenye hewa kavu ukahamishiwa penye unyevu utakula joto ambalo halikuwemo kwenye bajeti, ingawa gesi iliyokamatwa inaweza hata kuongezeka kidogo, maana unyevu husaidia amini kushika. Kwa hiyo swali “mtambo huu ulijaribiwa katika hali gani ya hewa?” si la kitoto hata kidogo.

Kiasi cha dutu nacho kihesabiwe. Dutu nzuri inayoshika na kuachia moli moja kwa kilo katika kila mzunguko inatoa gramu 44. Mizunguko sita kwa siku ni gramu 264 kwa kila kilo, hivyo tani moja kwa siku inataka karibu tani 3.8 za dutu. Ikichoka hadi nusu ya uwezo wake, gesi inapungua kwa nusu, lakini joto halipungui kwa nusu, maana bado unapasha moto sanduku lilelile, chuma kilekile na maji karibu yaleyale. Gharama ya nishati kwa kila tani inapanda taratibu, bila kitu chochote kuharibika mbele ya macho.

Njia ya pili ni ya kimiminika, na kemia yake ni ya zamani kuliko mjadala wa tabianchi. Hewa hupitishwa kwenye plastiki zenye mikunjo zinazotiririshwa potasiamu haidroksaidi, na hewa ukaa inageuka potasiamu kabonati. Kabonati hiyo hukutanishwa na chokaa iliyozimwa kwa maji. Kimiminika cha awali kinarudi kazini, na hewa ukaa inabaki ndani ya vidonge vigumu vya kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo mawe ya chokaa. Vidonge huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 900, gesi inatoka safi, chokaa inayobaki inamwagiwa maji na kurudi mwanzo. Kampuni ya Carbon Engineering ya Kanada, iliyoanzishwa na David Keith, ilichapisha hesabu zake mwaka 2018: kati ya dola 94 na 232 kwa tani kwa mtambo mkubwa. Kampuni ya mafuta ya Occidental iliinunua mwaka 2023 kwa dola bilioni 1.1, na mtambo wa kwanza mkubwa wa aina hiyo, Stratos, uko Texas, wenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka.

Nyuzi 900 hazipatikani kwa maji ya moto. Tanuri huchoma gesi asilia, na kwa kuwa huchomwa kwa oksijeni tupu, hewa ukaa ya gesi hiyo hukamatwa pamoja na ile ya angani. Hapa ndipo habari nyingi huteleza. Katika mchoro uliochapishwa mwaka 2018, mtambo unaonyonya kutoka angani tani milioni 0.98 unapeleka kwenye bomba tani milioni 1.46. Tofauti, karibu tani nusu milioni, ilikuwa gesi asilia chini ya ardhi kabla ya kuchomwa. Kuirudisha chini ni jambo jema, lakini anga halijapungukiwa nayo hata gramu. Mwandishi akipewa namba ya kwenye bomba, aulize ni ngapi kati ya hizo zilitoka hewani. Njia hii pia hunywa maji: kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 64, takriban tani 4.7 huvukizwa kwa kila tani ya hewa ukaa, na penye ukavu na joto kali zaidi ya hapo.

Sasa hesabu ambayo tungeomba ichapishwe kila mara. Chukua mtambo wa dutu ngumu unaotumia uniti 2,000 za joto na uniti 650 za umeme kwa tani, viwango vya kawaida kwa teknolojia hii. Ukipata joto kwa kuchoma gesi asilia, kila uniti inatoa kilo 0.2 za hewa ukaa: kilo 400. Umeme ukiwa wa makaa ya mawe, kilo moja kwa uniti: kilo 650. Jumla kilo 1,050. Mtambo umenyonya tani moja na kuzalisha zaidi ya tani moja. Ukibadili umeme uwe wa gesi asilia, kwa kilo 0.4 kwa uniti, unabaki na faida ya kilo 340 katika kila tani inayotangazwa. Ndiyo maana Climeworks walikwenda Hellisheiði, Iceland, palipo na mvuke wa ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba, ukitoa nishati, vifaa na dutu, mtambo wa namna hiyo Iceland unabakiza tani 93 katika kila 100 zilizokamatwa. Ule wa Hinwil, Uswisi, uliotumia joto la kiwanda cha kuchoma taka, tani 85. Nishati safi ndiyo roho ya mradi wote.

Lakini nishati safi ina kazi nyingine. Tuseme joto linatoka kwenye pampu ya joto inayotoa uniti 2.5 za joto kwa kila uniti ya umeme. Mtambo wetu sasa unahitaji uniti 1,450 za umeme safi kwa tani. Uniti hizohizo zikitumika kuzima mtambo wa makaa ya mawe, zinazuia tani 1.45 zisitoke kabisa. Maadamu kwenye gridi hiyohiyo kuna makaa yanayochomwa na nyaya zinafika, kunyonya hewani ni matumizi mabaya ya umeme. Hoja hii haihusu nishati ambayo haina mnunuzi, kama mvuke wa ardhini ulio mbali na watu, wala haihusu siku makaa yatakapokuwa yamekwisha kwenye gridi.

Gesi ikishakamatwa inakwenda wapi? Ikiuzwa kwa mashamba yaliyo ndani ya nyumba za vioo au viwanda vya soda, itarudi angani ndani ya siku au miezi. Ikigeuzwa mafuta ya ndege, itarudi ndege ikiruka. Hapo umeepusha mafuta mapya, hujapunguza kilichopo. Ikisukumwa kwenye kisima cha mafuta ili kukamua mafuta zaidi, sehemu kubwa hubaki chini, lakini mafuta yaliyotoka lazima yaingie kwenye hesabu.

Kuzika kwa kweli kuna sura mbili. Moja ni kuibana hadi iwe nzito kama kimiminika na kuisukuma kwenye mwamba wenye vinyweleo vya maji ya chumvi, kina cha zaidi ya meta 800, chini ya tabaka lisilopitisha gesi. Kina hicho si cha kubahatisha: juu yake presha haitoshi kuifanya iwe nzito, inakuwa gesi ya kawaida na kujaza nafasi kubwa mno. Norwe imefanya hivyo Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, tangu mwaka 1996, kwa kiwango kilichowahi kufika karibu tani milioni moja kwa mwaka, ingawa hiyo inatoka kwenye gesi asilia na si hewani. Sura ya pili ni ya Carbfix ya Iceland: gesi inayeyushwa kwenye maji na kushushwa kwenye basalti, yaani miamba iliyotokana na volkano, ambako kalsiamu na magnesiamu za mwamba huigeuza jiwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyoshushwa katika jaribio hilo imegeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili. Gharama yake ni maji, karibu tani 25 kwa tani ya hewa ukaa, na usafi: naitrojeni na oksijeni zilizopenya kwenye ule mlango mbovu haziyeyuki kirahisi, zinabaki mapovu kisimani.

Kuhusu ukubwa, tuseme kwa ufupi. Orca, uliofunguliwa Hellisheiði mwaka 2021, uliandikiwa tani 4,000 kwa mwaka, na makusanyo yake yamekuwa chini sana ya hapo. Jirani yake Mammoth, uliofunguliwa Mei 2024, umeandikiwa 36,000. Dunia hutoa tani bilioni 37 hivi kwa mwaka kutokana na makaa, mafuta, gesi na saruji, yaani karibu tani 1,170 kwa sekunde. Mammoth ukifanya kazi mwaka mzima bila hitilafu, utakuwa umefuta nusu dakika.

Njia nyingine za kuondoa hewa ukaa zina mashaka yake, na hatutazikagua zote hapa. Miti ni nafuu na inafanya karibu kazi yote ya uondoaji inayofanyika leo duniani, ila moto mmoja hurudisha kila kitu. Bayocha, yaani mabaki ya mimea yaliyochomwa bila hewa ya kutosha na kufukiwa, hudumu zaidi, mradi isichomwe kwa joto la chini sana. Unga wa basalti ukimwagwa mashambani unaweza kukamata, kwa makadirio ya kawaida, hadi tani 0.3 kwa tani ya mwamba. Kusaga na kusafirisha kunakula sehemu yake, na kupima kilichokamatwa katika shamba la wazi ndiko kugumu kuliko kazi yenyewe. Hapo mashine zina sifa moja ya kweli: gesi yao inapita kwenye bomba lenye mita.

Wala hatusemi mitambo hii iachwe. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilisema mwaka 2022 kwamba uondoaji wa hewa ukaa hauepukiki kama dunia inataka kufikia sifuri halisi, yaani kutoingiza angani zaidi ya kinachoondolewa. Sababu zinaonekana. Katika saruji, zaidi ya nusu ya hewa ukaa hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa umeme safi. Ndege za masafa marefu hazina betri ya kuzibeba. Mabaki hayo lazima yafutwe na kitu, na dutu zinazodumu, milango isiyovuja na matanuri ya umeme havitapatikana bila mitambo ya kujifunzia. Bei ya leo bado ni mamia ya dola kwa tani, pengine zaidi ya elfu moja, kwa mtambo uliojengwa kweli. Tunachopinga ni kuuza tani ya kesho ili kuhalalisha moshi wa leo.

Kwa hiyo mwandishi akialikwa kwenye uzinduzi, aache kibao cha uwezo na aombe kumbukumbu za kisimani: mita ya mtiririko ilisoma kilo ngapi katika miezi 12 iliyopita, na kipimo cha usafi kilionyesha asilimia ngapi ya hewa ukaa. Azidishe namba hizo mbili. Atoe gesi iliyotoka kwenye mafuta ya tanuri, kama lipo. Atoe hewa ukaa ya umeme na joto kwa bili halisi za gridi iliyotumika, si kwa cheti cha umeme safi kilichonunuliwa nchi nyingine. Aulize dutu ilibadilishwa lini na ni tani ngapi, kwa kuwa kuitengeneza nako kunatoa gesi. Aulize pia mtambo ulisimama saa ngapi. Namba itakayobaki ndiyo ichapishwe, pamoja na jina la aliyeikagua na aliyemlipa mkaguzi huyo.

Wahandisi wa utenganishaji gesi